Ndoo Juu ya Kiti

Basi lililonileta Dodoma liliondoka Kondoa alfajiri, likiwa na kuku chini ya viti na madebe ya asali juu ya keria, na mimi nimekaa dirishani nimepakata kifurushi ambacho Bibi alikifunga kwa kanga yake ya zamani. "Usikifungue njiani," aliniambia, "na usimwachie mtu." Nikakishika kana kwamba roho yangu ilikuwa mle ndani. Siku zile barabara ile haikuwa na lami. Kelema tulipata pancha. Baada ya Chemba basi lilizama kwenye mchanga wa korongo, wanaume wakasukuma, na sisi wengine tukaambiwa tushuke kupunguza uzito, nami nikashuka na kifurushi changu. Haneti tulinunua mayai ya kuchemsha, chumvi yake imefungwa kwenye kipande cha gazeti. Kila tulipopanda mwinuko nilidhani Dodoma iko upande wa pili, na kila mara upande wa pili palikuwa na nyika nyingine, miiba ileile, mbuzi walewale, upepo uleule.

Tulifika jua linazama. Nywele zangu zilikuwa nyekundu kwa vumbi. Baba mdogo alikuwa akinisubiri stendi, na pembeni yake alisimama mtoto wa kimo changu ambaye, hata kabla hatujasalimiana, alikitwaa kile kifurushi akakitia kichwani.

"Kina nini?"

"Karanga na asali."

"Basi wewe ni ndugu yangu kabisa," akasema, akatangulia njia.

Huyo ndiye Salimu, mtoto wa baba mdogo. Mimi nilikuwa nimeletwa kwao kwa sababu mama alikuwa ameolewa tena huko Babati, na katika nyumba ya mume wake mpya nafasi yangu ilikuwa bado inatafutwa. Ndivyo nilivyoambiwa, nami nilidhani nafasi ni kitu ambacho mtu hutafuta kama anavyotafuta sindano iliyoanguka, kwamba siku moja wataiona chini ya kitanda na kuniita. Wakati huo, Salimu alikuwa wangu. Tulilala kitanda kimoja, tukala sahani moja, tukavaa mashati kwa zamu. Jioni tulikwenda kukaa karibu na reli, tukitunga uongo juu ya kila behewa linakokwenda. Lile linakwenda Kigoma kuchukua dagaa. Lile limebeba simba aliyelala. Nadhani miguu yangu ya kuhamahama, ambayo hadi leo haijatulia mji wowote, ilianzia pale.

Makole, tulikokaa, maji yalikuwa ya bomba la mtaa, tena yalitoka yakipenda. Wa umri wangu waliokulia Dodoma wanajua ilivyokuwa. Mama mdogo alitutuma asubuhi tupange ndoo, kisha tukaenda kucheza. Ndoo ilishika zamu. Ungeweza kupotea nusu siku, ukirudi ungeikuta mahali pako au imesogezwa mbele na jirani, haijarukwa. Watu waligombana kwa mambo mengi pale bombani, hata kushikana nguo, lakini sikuwahi kuona mtu anaondoa ndoo ya mwenzake kwenye foleni. Mtu asiyekuwa na ndoo aliweka jiwe. Jiwe nalo liliheshimiwa. Mimi mgeni niliupenda utaratibu ule kuliko kitu chochote cha mji. Nilipenda kujua kwamba kuna mahali duniani ambapo ukiweka kitu chako, nafasi yako inakungoja.

Kisha akaja Anko Festo.

Alipanga chumba cha mbele katika nyumba iliyokuwa karibu na njia ya kwenda mtaa wa Kikuyu, akafunga pazia zito dirishani na jingine mlangoni, akaweka TV moja, mashine ya gemu, na pedi mbili za kushika mkononi zenye vitufe. Chumba kile kilikuwa na harufu ambayo sijawahi kuinusa kwingine, plastiki iliyopata moto, vumbi lililoungua nyuma ya TV, na jasho la watoto. Gemu lenyewe lilikuwa la vifaru. Kila upande ulilinda ngome yake na kubomoa ya mwenzake. Festo aliwagawa watoto kwa mitaa, kikosi cha Makole na kikosi cha Kikuyu, na kila kikosi kikawa na nahodha na kiti cha nahodha.

Siku ya kwanza alitukaribisha bure. Salimu alishika pedi mara ya kwanza maishani mwake, akashinda. Akashinda tena. Festo akapiga kelele kama mtu aliyeona ajabu: "Huyu mtoto ametoka wapi? Wewe, hebu njoo ukae hapa mbele!" Nami nikajaribu. Kifaru changu kikakataa kufyatua, kikazungukazunguka kama mbwa mwenye viroboto, kikalipuliwa. Watoto wakacheka mpaka wakalala chini.

Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani nilikuwa na maelezo yangu tayari. Niliamini ile mashine inawajua watu. Ilimtazama Salimu ikampenda, ilinitazama mimi ikajua kwamba ni mtoto wa kuletwa. Siku nyingine nilifika mapema, chumba kikiwa hakina mtu, nikainama mbele ya ile TV nikaiambia shikamoo, polepole, ili inizoee. Haikuniitikia. Nilipocheza siku hiyo nilifungwa vibaya zaidi.

Festo hakumlazimisha mtoto yeyote, na nataka hilo lieleweke. Alikuwa mpole, hakuwahi kupiga wala kutukana. Ukutani alipigilia misumari, na kwenye kila msumari alitundika uzi wa mtoto mmoja. Kila siku uliyofika alitoboa kisoda, kifuniko cha chupa ya soda, akakitunga kwenye uzi wako. Ukikosa siku moja, alivichomoa vyote mbele ya watu, taratibu, kimoja kimoja, vikilia ndani ya bakuli. Nimewaona watoto wenye homa wakija wamejifunika shuka ili wasisikie sauti ile. Na shindano la vikosi halikuwa na saa. Festo alipiga makofi alipotaka, asubuhi, mchana au alasiri, na makofi yakilia huku kiti cha nahodha kiko wazi, kikosi kizima kimeshindwa, visoda vya wote vinachomolewa. Basi ilikuwa likizo, na Salimu akawa hatoki. Akitaka kutoka, wenzake walimshika shati. "Nahodha, unatuua!" Hasa Ndahani, mtoto wa jirani, Mgogo mmoja mrefu mwenye sauti nzito kuliko umri wake. "Ukiondoka sasa, Salimu, mimi na wewe salamu basi."

Siku moja baba mdogo alikwenda kumtoa. Nilikuwa nyuma yake. Festo alisimama, akashika mikono yake nyuma kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwa nini unamzuia mwanangu?"

"Mimi simzuii, mzee wangu. Mlango uko wazi. Muulize mwenyewe."

Na kweli mlango ulikuwa wazi. Pazia tu ndilo lililoning'inia pale, likipepea. Baba mdogo akamshika Salimu mkono, wakafika nyumbani, na kabla chai haijapoa Salimu alikuwa amesharudi. Mama mdogo akasema, "Mwanangu ameota mizizi kwenye kiti cha watu."

Mimi nilikuwa na wivu. Sina neno jingine. Kitanda chetu kilikuwa kikubwa ghafla, kwa kuwa Salimu alilala akiwa amegeukia ukutani, vidole vyake vikibonyeza shuka. Nilimwambia twende relini, akasema kesho. Nilimwonea wivu yeye kwa kupendwa na mashine, nikaionea wivu mashine kwa kupendwa na yeye, na Ndahani nilimwonea wivu kwa kuwa angeweza kumwambia "mimi na wewe salamu basi" na likamtisha. Mimi ningesema hivyo, Salimu angejibu "haya" bila kugeuka.

Ndipo likaja suala la ndoo. Mama mdogo alitutuma maji, sote wawili, akasema leo asipoonekana Salimu bombani hakuna wa kula. Nilikwenda kumwambia. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyebanwa mlangoni.

"Na kiti?"

"Kiti nitakishikia," nilisema. Nikatoa ndoo yangu, nikaiweka juu ya kiti cha nahodha, katikati kabisa, mpini umeegemea upande mmoja kama inavyotakiwa. Salimu akaitazama, akaafiki. Kwetu hilo lilikuwa limekwisha. Nani Makole angeigusa ndoo ya mtu? Hata Ndahani aliikubali. Tukaondoka mbio na ndoo nyingine moja.

Hatujafika mbali tukasikia makofi. Tuliporudi, ndoo yangu ilikuwa sakafuni, imelala ubavu, na Festo anacheka mpaka machozi.

"Wanangu, wanangu! Hapa si bombani. Hapa ndoo haishiki zamu. Hapa mtu ndiye anashika zamu."

Visoda vya kikosi cha Makole vililia ndani ya bakuli vyote. Ndahani alikuwa analia, na wale wa Kikuyu wanaimba, "Ndoo! Ndoo! Nahodha wao ni ndoo!" Salimu hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Basi siku nyingine kaa wewe."

Ndivyo nilivyopata kazi. Salimu alipokwenda kula, au chooni, au maji, mimi nilikaa kitini. Sikuruhusiwa kushika pedi, wala sikutundikiwa uzi ukutani. Nilitakiwa kuwa na makalio tu. Watoto wakaniita Ndoo, na jina likanikaa hata nyumbani. "Ndoo kaja, nahodha, unaweza kwenda kukojoa!" Nami, jambo la ajabu, nilifurahi. Salimu alinihitaji tena. Alikuwa akinitazama kutoka mlangoni kabla hajaondoka, kuhakikisha nimekaa sawasawa, na mtazamo ule niliufuata kama wengine walivyofuata visoda.

Na ni kwa kukaa pale, sina la kufanya, ndipo nilipoona. Mtoto anayecheza anatazama TV. Mimi nilitazama mikono ya Festo. Vikosi vilipokuwa vinabadilishana, alizichukua pedi zote mbili kuzifuta kwa kitambaa, na chini ya kitambaa ukucha wake ulichomoa njiti ya kiberiti iliyovunjwa, ndogo sana, kutoka chini ya kitufe cha pedi moja, akaichomeka chini ya kitufe cha nyingine. Kitufe chenye njiti hakibonyei vizuri. Kifaru chake hakifyatui. Niliendelea kutazama siku baada ya siku. Makole wakitangulia sana, njiti ilikuja kwetu. Kikuyu wakitangulia, ilikwenda kwao. Hakuna aliyeachwa ashinde mpaka achoke, wala ashindwe mpaka akate tamaa. Wote waliondoka wakisema neno moja, "Kidogo tu! Ilibaki kidogo tu!" Na mgeni aliyekuja kwa mara ya kwanza, kama alikuwa mchangamfu na mwenye marafiki wengi, alipewa pedi safi. Mgeni kama mimi, mtoto wa kuletwa asiye na wa kumfuata, alipewa njiti ili wengine wacheke.

Kwa hiyo mashine haikunichukia! Nilitembea na furaha hiyo kifuani mpaka jioni, nikamwambia Salimu tulipokuwa tunanawa miguu uani.

"Anko Festo anaweka njiti."

"Njiti gani?"

Nikamweleza yote. Salimu alisikiliza akiwa amesimama kwa mguu mmoja, mwingine ndani ya beseni. Kisha akasema, "Una wivu."

"Salimu, nimeona kwa macho yangu."

"Tangu siku ya kwanza una wivu. Ulifungwa, unataka na mimi nionekane sijui. Mimi najua kucheza, Ndoo. Mimi najua." Na sauti yake ilitetemeka mahali pale, kwenye "najua" ya pili.

Nami nilikuwa na wivu kweli. Hilo ndilo lililonifunga mdomo. Nilidhani mtu mwenye wivu hawezi kuwa amesema kweli, kwamba vitu hivyo viwili havikai katika kinywa kimoja. Nimekuwa mtu mzima, nimehama miji mingi, na bado sijui mtoto angejitetea vipi.

Yote haya yalinirudia juzi, nilipofikia kwa dada yangu wa upande wa mama, Babati, ambako bintiye wa sekondari alikuwa amekaa na simu tangu mchana. Anacheza gemu na wenzake ambao hajawahi kuwaona, mmoja yuko Mwanza, mwingine hajui yuko nchi gani. Nilimwambia njoo ule, chakula kinapoa.

"Mjomba, siwezi kutoka sasa hivi, wenzangu watapoteza."

"Wakipoteza?"

"Wananitoa kwenye kikosi. Na leo nisipomaliza, zawadi zangu za kila siku zinaanza upya."

Niliishika ile simu. Ilikuwa ya moto, na ilinuka plastiki iliyopata moto. Nikakaa chini. Nilitaka kumwambia achunguze mikono ya aliyetengeneza gemu lile, lakini mikono hiyo haionekani siku hizi, haina hata kitambaa. Nilipouliza kama hawezi kutoka kweli, alinionyesha alama ndogo ya kutokea pembeni ya kioo. Akasema, "Si kwamba nimezuiwa, mjomba. Mtu anatoka muda wowote." Mlango uko wazi.

Basi nikamaliza hadithi hii kichwani, hadi mwisho wake, jambo ambalo huwa naliepuka.

Habari ilikuja kutoka Babati kwamba nafasi yangu imepatikana. Mama ananitaka, niende moja kwa moja, na sitarudi tena Dodoma. Nipitie Kondoa nile Idi kwa Bibi, kisha mjomba anichukue. Nilimwambia Salimu usiku huohuo kitandani, naye kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi akageuka kunitazama.

"Nitakusindikiza," alisema. "Si stendi. Nitakusindikiza mpaka Kondoa, tule Idi wote kwa Bibi, ndipo tuagane."

Baba mdogo akakubali, akakata tiketi zetu mbili, viti vya pamoja. Mtu anayeondoka husindikizwa na mtu, si na maneno. Nilijihesabu mwenye bahati. Mama mdogo alikifunga kifurushi kwa kanga ileile ya Bibi, safari hii ndani mkiwa na zabibu kavu na ubuyu, na shati jipya la Idi la Salimu juu yake, limekunjwa.

Asubuhi ya safari Salimu aliamka kabla yangu. Aliniambia nitangulie na baba, yeye anapita kwa Festo kuaga, atanikuta stendi. Nikapanda, nikakaa dirishani, na kile kifurushi nikakiweka kwenye kiti cha pembeni yangu, katikati kabisa.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama. "Mwanangu, hapa pana mtu?"

"Shikamoo. Pana mtu."

Utingo akapita. "Hii siti ya nani?"

"Ya ndugu yangu, anakuja." Baba mdogo, aliyesimama chini dirishani, aliinua tiketi ili utingo azione, kisha akageukia tena upande wa Makole, uso wake umekaza.

Dereva aliwasha injini. Ndipo nilipomwona anakuja mbio kati ya mabasi, shati linapepea, hana viatu. Nikakinyanyua kifurushi ili akae.

Hakupanda. Alipita pembeni ya baba yake bila kumtazama, akarukia dirisha langu, akaning'inia kwa mikono miwili, akihema.

"Leo atapiga makofi," alisema. "Amesema leo ndiyo ya mwisho kabla ya Idi, mshindi anabaki nahodha mpaka shule ifunguliwe. Siwezi, ndugu yangu. Wenzangu watapoteza. Nimekimbia tu nikuage."

Kuna maneno mengi ambayo mtoto wa kuachwa angeweza kusema pale. Nimeyatunga baadaye, kwenye mabasi mengine, na mengine ni mazuri sana. Lakini lililonitoka lilikuwa jingine, na lilitoka kabla sijalijua.

"Nani kakaa kitini?"

"Ndahani."

Hilo lilinichoma kuliko hata kule kusikia kwamba hapandi. Aliyeshika nafasi ya Salimu wakati Salimu hayupo alikuwa mimi. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Sijawahi kushinda gemu lile hata mara moja, wala kuwa na kisoda kimoja kwenye msumari, na bado nilitaka kushuka kwenye basi la mama yangu nikimbie nikamtoe Ndahani kwenye kile kiti.

"Anajua kukaa?" nilimuuliza. "Mwambie asiegemee. Akiegemea Festo anasema kiti kiko wazi."

"Nitamwambia," Salimu alisema. Alinishika vidole, lakini shingo yake ilikuwa imeshageuka, amelitega sikio upande wa Makole. Basi likasogea. Akaachia.

Mama mwenye mtoto alikuwa bado amesimama, ameshika chuma cha juu kwa mkono mmoja.

"Mwanangu, huyo mtu wako amekuja?"

Nilikitazama kifurushi, na shati la Idi juu yake. Nikakitia mapajani. Akakaa, akanishukuru, akamhamishia mtoto kifuani. Tulipita Msalato, upepo ukaanza kuingiza vumbi, watu wakafunga madirisha. La kwangu nililiacha wazi. Utingo alinigombeza, abiria wakanigombeza, na mimi nikashikilia kioo kwa mikono miwili, nikisikiliza kama makofi yamelia.